Uzi: Cecily Jordan, mjane wa Virginia aliyeposwa mumewe akiwa hajamaliza wiki kaburini

Msaka Nasaba:

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa miti ya ukoo kuna ndugu aliuliza: mwanamke aliyefiwa na waume wawili watatu, na kila akiolewa jina linabadilika, utamfuatiliaje baada ya miaka mia nne? Namjibu kwa kisa cha mtu mmoja, Cecily Jordan wa Virginia, enzi hizo koloni changa la Waingereza huko Marekani. Nimemchagua yeye kwa sababu karatasi zake chache zimesalimika, na pia kwa sababu watu wamemzulia mambo mengi mno mitandaoni. Aliyoyapitia kweli yanatosha.

Tuanzie katikati ya maisha yake, maana ndipo penye mwanga. Januari 21, 1625 karani wa koloni alihesabu watu wa Jordan's Journey, shamba la tumbaku kando ya mto James. Zoezi lilikuwa la koloni zima, kaya kwa kaya: nani yupo, ana umri gani, alikuja na meli gani, ana mahindi kiasi gani ghalani, baruti, bunduki, nyumba ngapi. Koloni zima lilikuwa na watu kama 1,200 tu. Kaya moja iliandikwa hivi: William Farrar, miaka 31, alikuja na meli ya Neptune mwaka 1618. Sisley Jordan, miaka 24, alikuja na meli ya Swan mwaka 1610. Mary Jordan, binti yake, miaka 3. Margery Jordan, mwaka 1. Temperance Baley, miaka 7. Halafu yanafuata majina ya watumishi kumi, wanaume watupu.

Hebu iangalieni vizuri kaya hiyo. Mwanamume na mwanamke wametajwa pamoja juu kabisa kama wenye nyumba, na hawajaoana. Watoto watatu wana majina ya koo mbili. Hakuna Baley aliye mtu mzima, hakuna Jordan aliye mwanamume. Ukizoea kusoma nyaraka za namna hii, hapo unaona makaburi mawili na ndoa moja iliyokwama. Kwa nini ilikwama ndicho kiini cha uzi huu, nitafika huko.

Kijana wa Ukerewe:

Mkuu, nimeweka kambi. Ila kwa Temperance sijakuelewa. Anaweza kuwa yatima wa jirani aliyechukuliwa kulelewa tu. Umemjuaje kuwa ni mtoto wa Cecily?

Msaka Nasaba:

Swali la haki kabisa, na ndugu yangu endelea kuuliza hivyo hivyo. Karani hakuandika kuwa Temperance ni binti wa Cecily. Tunachokijua ni kwamba alizaliwa hukohuko Virginia, na kwamba kwenye orodha ya ardhi ya mwaka 1626 ana ekari 200 kwa jina lake, tena zimeandikwa kuwa zimelimwa. Mtoto wa miaka minane hajapewa ekari 200 kwa jasho lake. Amerithi. Na anaishi kwenye nyumba ya Cecily, ambaye wakati Temperance anazaliwa alikuwa na miaka kama kumi na sita au kumi na saba. Hapo ndipo wataalamu wa nasaba wanapohitimisha kwamba Cecily aliolewa kwanza na bwana mmoja wa ukoo wa Baley, akafa, akamwacha na binti. Mimi nakubaliana nao, lakini naiweka kwenye fungu la "inaelekea". Mumewe wa Jordan na wa Farrar wako kwenye fungu la "hakika". Mtu anayejenga mti wa ukoo bila kutenganisha mafungu haya mawili anajenga kwenye mchanga.

Sasa turudi nyuma kidogo. Jamestown ilianzishwa 1607. Kipupwe cha 1609 kuingia 1610 kilikuwa cha njaa ya kutisha, walowezi waliosalia ndani ya ngome walikuwa kama 60. Cecily alishuka melini baada ya hapo, mtoto wa miaka kama kumi, na hakuna mzazi anayetajwa naye. Waliokuja mapema namna hiyo na wakabaki hai baadaye walipewa hadhi ya walowezi wa kale, na hadhi hiyo ilikuja na ardhi. Mwezi Desemba 1620 Samuel Jordan alipata hati ya ekari 450. Mchanganuo wake ni huu: ekari 100 zake kama mlowezi wa kale, ekari 100 za Cecily mkewe, naye akatajwa kuwa mlowezi wa kale aliyekaa miaka tisa, na ekari 250 kwa watumishi watano waliogharamiwa safari, maana kila kichwa kilicholetwa kilileta ekari 50. Kwa hiyo sehemu ya shamba lile ilitoka kwa kichwa chake mwenyewe mwanamke. Hilo tulishike, lina kazi huko mbele.

Samuel hakuwa mtu mdogo. Bunge la kwanza la walowezi lilipokaa ndani ya kanisa la Jamestown, Julai 30, 1619, yeye alikuwa mmoja wa wajumbe.

Bint Pwani:

Msaka, samahani nakukatisha. Hao waume walikuwa wanakufa na nini? Maana nasoma habari za koloni lile na kila ukurasa ni mjane.

Msaka Nasaba:

Dada, wengi waliuawa na maji ya kunywa. Mto James pale karibu na bahari maji yake wakati wa kiangazi yanakuwa na chumvi, na uchafu unaotupwa unarudi badala ya kuondoka. Kuhara damu, homa ya matumbo, malaria. Mgeni aliyevuka mwaka wake wa kwanza salama alihesabiwa amezoea nchi. Wanaume walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wanawake, kiasi kwamba Kampuni ya Virginia, iliyokuwa inaendesha koloni, ilisafirisha wasichana 90 mwaka 1620 na 57 wengine mwaka uliofuata, na mwanamume aliyetaka kuoa mmoja wao alilipa gharama zake kwa tumbaku, ratili 120 mwanzoni, baadaye 150. Sasa fikiria mahali kama hapo mjane kijana mwenye shamba.

Halafu kulikuwa na vita. Tumbaku inachosha udongo, kwa hiyo walowezi walikuwa wanazidi kusogea kwenye ardhi za wenyeji mwaka hadi mwaka. Machi 22, 1622 Opechancanough, kiongozi wa muungano wa wenyeji uitwao Powhatan, alipiga mashamba ya mtoni kwa wakati mmoja. Orodha rasmi ya Waingereza waliouawa ina watu 347. William Farrar alikuwa na makazi yake upande wa mto Appomattox, kumi wakauawa pale, yeye akaponea na kukimbilia kwa Samuel Jordan. Kapteni John Smith aliandika kwamba Jordan aliwakusanya wachache waliotawanyika, akajenga boma na kubaki palepale bila kuhama. Wanaakiolojia walichimba eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, sasa liko kaunti ya Prince George karibu na mji wa Hopewell. Walikuta mashimo ya nguzo za boma, majengo ndani yake, na makaburi.

Farrar akabaki hapo. Mwaka mmoja baadaye Samuel akafa. Cecily alikuwa na binti wa Baley, binti wa Jordan ambaye hata hajakomaa kutembea vizuri, na mimba.

Bint Pwani:

Endelea, tuko hapa.

Msaka Nasaba:

Siku tatu au nne baada ya mazishi, mchungaji Greville Pooley alimwendea Kapteni Isaac Madison, jirani, akamwomba akamposee Cecily. Madison alisita, hakutaka kujiingiza, mwishowe akaenda. Jibu alilorudi nalo ni kwamba Cecily yuko radhi kwa Pooley sawa na kwa mwanamume mwingine yeyote, ila hataolewa na yeyote mpaka ajifungue.

Jibu hilo lilikuwa la busara na halikumfunga. Pooley hakulisubiri. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane, Madison akiwepo, akasema wafunge mkataba hapohapo. Akaagiza mvinyo. Kisha akatamka maneno ya ndoa: mimi Greville namchukua Sisley kuwa mke wangu. Akamgeukia Cecily na kumsomea maneno ya upande wake, mimi Sisley namchukua Greville. Kwa ushahidi wa Madison, Cecily mwenyewe hakuyatamka. Pooley aliyasema kwa niaba yake. Wakanywa, wakabusiana, naye Cecily akaomba jambo hili lifichwe, kwa sababu ni aibu kuonekana amempenda mtu mwingine haraka hivyo baada ya kufiwa. Pooley akaahidi.

Hakukaa nalo. Alilitangaza. Cecily akakataa kata kata, na baadaye alimwambia Mary Madison, mke wa kapteni, kwamba Pooley angeambulia zaidi kama angefunga mdomo. Akatangaza kuwa mchumba wake ni William Farrar.

Juni 1623 Pooley akafikisha shauri kwa gavana Francis Wyatt na baraza lake. Ndiyo kesi ya kwanza inayojulikana ya kuvunja ahadi ya ndoa katika makoloni ya Waingereza Marekani.

Mkaguzi:

Mkuu ngoja. Kesi ya nini wakati mashahidi wanasema mwanamke hakutamka? Hapo si shauri limekufa?

Msaka Nasaba:

Hapo ndipo sheria ya kanisa la Uingereza inapoingia. Zamani zile, mpaka ilipobadilishwa na sheria ya bunge la Uingereza ya 1753, mwanamume na mwanamke wakitamka kwa wakati uliopo, "nakuchukua", ni ndoa tayari mbele ya sheria ya kanisa, hata bila mchungaji wala kanisa. Wakitamka kwa wakati ujao, "nitakuchukua", ni uchumba. Pooley alikuwa mchungaji, alijua fika maneno anayochagua. Kama yale maneno yangehesabiwa kuwa yametamkwa na pande zote mbili, Cecily angekuwa mke wake, na Farrar angekuwa anamtaka mke wa mtu. Na kunywa pamoja na kubusiana kulichukuliwa kuwa dalili za kukubali. Ndiyo maana baraza lilishindwa kuamua. Wakaandika mashahidi wote na kupeleka mafaili London, kwa Kampuni ya Virginia. London nao hawakutoa hukumu. Mei 1624 kampuni yenyewe ikavunjwa, koloni likawa la mfalme.

Muda wote huo Farrar anakaa nyumba moja na Cecily, kwa sababu alikuwa ameteuliwa kusaidia mirathi ya Samuel. Novemba 1623 baraza liliwaagiza wawili hao walete hesabu za mali ya marehemu. Mwaka uliofuata majirani wakahojiwa kuhusu ukaribu wao. Juni 1624 gavana akatoa tangazo la kusomwa makanisani: mwanamume au mwanamke atakayetoa maneno ya ahadi ya ndoa kwa watu wawili kwa wakati mmoja atachapwa, au kutozwa faini, kulingana na hadhi yake. Tangazo halikumtaja jina Cecily. Kila aliyeketi kanisani alijua linamhusu nani.

Januari 3, 1625 Pooley alisalimu amri. Aliweka saini mbele ya gavana na baraza, na dhamana ya pauni 500, kwamba hatamdai tena Cecily kamwe. Siku kumi na nane baadaye ndiyo ile orodha niliyoanza nayo. Kufikia Mei mwaka huo Cecily alikuwa mke wa William Farrar. Na yule Margery wa mwaka mmoja ndiye mimba iliyozungumzwa kwenye posa. Nyaraka nyingine zinamwita Margaret.

Bint Pwani:

Kaka Msaka, sisi huku kwetu mjane mwenye mimba eda yake inakwisha akijifungua, na kumposa waziwazi akiwa edani hairuhusiwi. Huyu mama amesema jambo hilohilo kwa kinywa chake, "mpaka nijifungue". Je, Wakristo wa Uingereza walikuwa na muda uliowekwa?

Msaka Nasaba:

Hawakuwa na muda uliowekwa na sheria. Desturi na aibu ndizo zilizomlinda mjane, na mahali penye uhaba wa wanawake desturi hiyo ilinyooshwa sana. Lakini mimba ilikuwa na uzito wa kisheria kwa njia nyingine: mtoto akizaliwa ndani ya ndoa mpya, angeweza kuzuka mgogoro kama ni wa marehemu au wa mume mpya, na shamba la Jordan lilikuwa linasubiri warithi wa Jordan. Naamini Cecily alilijua hilo. Alikuwa na miaka ishirini na mbili hivi na pengine alikuwa anafiwa mara ya pili.

Mkaguzi:

Mimi swali langu ni la mali. Mwanamke akiwa mjane alikuwa na nini, na akiolewa anapoteza nini?

Msaka Nasaba:

Mke hakuwa na nafsi yake mbele ya sheria ya Kiingereza. Hawezi kushtaki peke yake, hawezi kuandika mkataba, mali yake inayohamishika inakuwa ya mume, na ardhi yake anaisimamia mume. Mjane anarudishiwa nafsi hiyo. Anashtaki, anashtakiwa, anaajiri, anauza. Ana haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya marehemu maisha yake yote. Kwa hiyo kila ndoa mpya ni kukabidhi mamlaka hayo upya, na mwanamke mwenye akili anachagua anakabidhi kwa nani. Pooley alikuwa na uchungaji wake. Farrar alikuwa na elimu, ukoo wenye uwezo Uingereza, na tayari alikuwa amefanya kazi ya mirathi naye kwa zaidi ya mwaka. Cecily alikuwa ameiona kazi yake.

Uchaguzi wake haukumwangusha. Mwaka 1626 Farrar aliteuliwa kwenye baraza la gavana. Alifariki karibu na 1637, na Juni mwaka huo mtoto wao, naye William, alipata hati ya ekari 2,000 kwa vichwa 40 ambavyo baba yake alivigharamia safari. Eneo lile, kona ya mto James palipokuwa mji wa Henricus, likaitwa Farrar's Island. Wana wa ndoa hii wanaojulikana ni Cecily, William na John.

Kisiki:

Nimesoma tangu juu. Kazi nzuri, lakini nina dukuduku. Ardhi hiyo ilikuwa ya watu. Na tumbaku ile ililimwa na nani? Tunawazungumza akina Cecily kwa majina na umri na meli. Wanawake weusi wa mwaka huohuo wako wapi?

Msaka Nasaba:

Umeuliza vizuri, na sitaki uzi huu uishe bila hilo. Eneo la Jordan lilikuwa makazi ya wenyeji waitwao Waweyanoke kabla ya Samuel, na uchimbaji uleule niliousema uliyakuta mabaki ya makazi yao pia. Ekari 450 hazikuwa tupu.

Waafrika wa kwanza waliouzwa Virginia waliletwa mwishoni mwa Agosti 1619, watu "ishirini na ushei" kwa maneno ya wakati ule, walioporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wengi wao walikuwa watu wa ufalme wa Ndongo, Angola ya leo. Kwenye hesabu ya 1625 yuko mwanamke mmoja kwenye nyumba ya Kapteni William Pierce pale Jamestown, ameandikwa Angelo, mwanamke mweusi, alikuja na meli ya Treasurer. Umri wake haukuandikwa.

Ila yuko mwingine, na yeye ana historia ya ukoo. Mwaka huohuo kwenye shamba la Bennett kuna "Mary, mwanamke mweusi, alikuja na meli ya Margrett and John 1622". Mwanamume wa shamba hilo, Antonio, alikuja 1621. Wakaoana, wakapata uhuru, wakajulikana kama Anthony na Mary Johnson, wakawa na shamba na ng'ombe wao upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Baadaye wakahamia Maryland na kukodi ekari 300. Anthony akafa 1670. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha huko ichukuliwe, kwa sababu alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Mary, mjane mzee, alipanga upya mkataba wa zile ekari za Maryland kwa miaka 99, na mwaka 1672 akawagawia wajukuu zake mifugo. Mjukuu mmoja mwaka 1677 alinunua ekari 44 akaziita Angola.

Wakati huo tayari Virginia ilikuwa na sheria ya Desemba 1662: mtoto anafuata hali ya mama, mtumwa au huru. Kwa mjane wa Kiingereza jina la mama lilipotea kwenye karatasi kila akiolewa. Kwa mwanamke mweusi, hali ya mama ndiyo iliyomfunga mtoto. Weusi wanaotafuta mababu zao huko leo wanaanza kwenye orodha za mali za mabwana, mara nyingi jina moja na thamani kwa tumbaku au pauni, basi.

Kisiki:

Asante mkuu. Hapo kwa Angola nimesimama kidogo.

Nyaraka na Vumbi:

Naongezea kwenye hoja ya makaburi. Yupo Sarah Thorowgood wa kusini mwa Virginia. Mumewe wa kwanza, Adam Thorowgood, mwaka 1635 alipata ekari 5,350 kwa watu 105 aliowaleta. Akafa 1640. Sarah akaolewa na John Gookin, akafa 1643. Akaolewa mara ya tatu, 1647, na Francis Yeardley. Kwenye wosia wake aliagiza mkufu wake bora wa almasi uuzwe, zinunuliwe pete na mawe mawili meusi ya kaburi. Jiwe liliandika kwamba hapa yupo Kapteni Gookin, na pia Sarah Yardley, aliyekuwa mke wa Thorowgood kwanza, kisha Gookin, kisha Yeardley, aliyefariki Agosti 1657. Yaani jiwe moja linampa mtafiti ndoa zote tatu kwa mpangilio. Kanisa lile na makaburi yake baadaye yalimezwa na mto Lynnhaven, lakini maandishi yalikuwa yameshanakiliwa.

Msaka Nasaba:

Ahsante sana mkuu, umenisaidia. Na angalieni: Francis Yeardley ni mtoto wa Temperance Flowerdew, ambaye naye aliolewa na Richard Barrow, akaolewa na gavana George Yeardley, akafiwa Novemba 1627, Machi 1628 akaolewa na Francis West, na kabla mwaka haujaisha akafa yeye. Tabaka lile la wenye mashamba lilikuwa limefumwa na wajane. Ukikwama kwenye mstari wa wanaume wa Virginia ya karne ya 17, tafuta mjane, yeye ndiye kiungo kati ya koo tatu.

Mkaguzi:

Nimeingia kwenye tovuti moja ya miti ya ukoo kumtafuta Cecily. Wamempa ukoo wa Reynolds, wamempa wazazi wa Dorset huko Uingereza, na waume watano, baada ya Farrar kuna Parker na Montague. Ipi ni kweli?

Msaka Nasaba:

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Ukoo wa Reynolds hauna karatasi hata moja ya wakati wake. Waume wa baada ya Farrar nao hawana. Mtu mmoja aliandika, wa pili akanakili, wa elfu moja akanakili, na sasa wingi wa nakala unaonekana kama ushahidi. Baada ya miaka ya 1630 Cecily hatajwi tena popote.

Sababu ya pengo hilo inajulikana. Kumbukumbu za zamani za kaunti za Charles City na Henrico ziliharibiwa vitani, na za mahakama kuu ziliteketea Richmond, mji mkuu wa Virginia, ulipoungua Aprili 1865. Tunayo kesi ya Pooley kwa sababu Thomas Jefferson alikusanya maandishi ya kale ya Virginia, na mwaka 1815 maktaba yake ikauzwa kwa bunge la Marekani. Ile orodha ya 1625 ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imepelekwa London, na iko huko mpaka leo kwenye hifadhi ya taifa.

Hata kilichosalia lazima ukipime. Orodha inasema Cecily alikuja 1610. Hati ya Desemba 1620 inasema amekaa miaka tisa, ambayo inaangukia 1611. Orodha inampa Farrar miaka 31, wakati ubatizo wake Uingereza umeandikwa 1583, yaani alikuwa amepita arobaini. Wapo wanaotaka kuchagua tarehe moja na kuifuta nyingine. Mimi nasema andika zote mbili na utaje kila moja imetoka wapi.

Kijana wa Ukerewe:

Swali la mwisho kwangu mkuu. Basi akina Jordan wote wa Marekani wanaodai babu yao ni Samuel, wako sahihi?

Msaka Nasaba:

Kwa Cecily, Samuel ameacha mabinti wawili, Mary na Margaret. Jina la Jordan haliwezi kushuka kupitia wao. Mtu mwenye jina la Jordan leo anayejiunganisha na kaya ile lazima alete karatasi ya mtoto wa kiume, na kwenye orodha ya 1625 hayupo. Jina linaloshuka kutoka kwa Cecily ni Farrar, kupitia William na John. Wazao wa kiume wa hao wanaweza kulinganisha kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hiyo itawaeleza kuhusu William Farrar, haitasema lolote kuhusu Cecily. DNA ya upande wake, ile ya mitokondria ambayo mama huwapa watoto wote lakini binti pekee ndiye huiendeleza, inamhitaji mtu aliyeshuka mwanamke kwa mwanamke kutoka kwa Temperance, Mary, Margaret au Cecily mdogo. Kila kizazi kwenye mstari huo kina mwanamke aliyebadili jina, kwa hiyo anayetaka kuutafuta aanze na wosia: akina baba wengi walitaja mabinti kwa majina ya waume zao.